Nyasi za Kulalia, Nyasi za Kukaukia

Siku mliponiaga mlinipa kitenge na kiti cha plastiki, mkaniambia sasa nipumzike. Kitenge nimekishona na ninakivaa. Kiti anakikalia jirani yangu hapa Shari, mama mwenye miguu mibaya, kwa sababu mimi sijachoka. Kisha mkaniomba niandike namna kazi ilivyokuwa, hasa wakati wa vita, maana kila mgeni anayefika stasion yetu ya mifugo huuliza kwa nini mlima wa nyuma hauchomwi kama milima mingine, na kwa nini kanga wa porini wanaachwa wazurure pale kama wenye mali. Nitaandika. Lakini mkitaka habari za vyeo na za kupandishwa, tafuteni mtu mwingine. Na kabila langu sitaliandika. Niliulizwa sana miaka ile na sikulisema mbele ya bunduki. Sioni kwa nini nilitoe leo mbele ya kalamu.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwembamba aliyetoka shule ya mifugo. Siku ya kwanza nilivaa blauzi nyeupe niliyoipiga pasi kwa makaa tangu alfajiri, nikajiona daktari. Stasion wakati huo ilikuwa na mabanda ya kuku, banda la kanga wa kufugwa, nyumba ya kuvezi, yaani ile mashine ya kutotolea mayai kwa joto la petroli, mafuta ya taa, na mlima. Kazi ya mlima ilikuwa chini ya Muzee Dheda, mtu wa upande wa Bule, mfupi, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Aliniangalia blauzi kwa muda mrefu. Akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kupokea komunyo.

Akanivika koti lake. Lilikuwa na harufu ya moshi na manyoya, na mikono ilinifika vidoleni. Kanga anaona kitu cheupe tangu ng'ambo ya bonde, akasema, na akikuona wewe umeshakosa kazi ya siku. Nilishinda mlimani ndani ya koti la mzee, nikitokwa jasho, nimenuna. Jioni nilijua zaidi ya yale niliyosomeshwa mwaka mzima, na nilibaki nimenuna vilevile.

Kazi yenyewe ni hii, kwa wale ambao bado mko mabandani. Kanga wa kufugwa akizaliana miaka mingi ndani ya ukoo wake anakuwa dhaifu. Mayai yanakuwa mengi ila hayatotoi. Kwa hiyo kila mwanzo wa mvua tulichukua mayai machache kwenye viota vya porini, tukayatotoa, tukachanganya damu. Vifaranga vilikwenda kwa familia za vijijini, Wahema, Walendu, Waalur, Wanande, kila mwenye banda safi. Mlima ule ukifa, mabanda yote yanakufa polepole nyuma yake. Ndiyo sababu tulikuwa tukiulinda.

Muzee alikuwa na kijiko cha mti chenye mpini mrefu, alichokichonga mwenyewe, na yai la kiota halikuguswa kwa mkono mbele yake hata siku moja. Kanga akikuta kiota kimepapaswa anakiacha, wala harudi kuomba maelezo. Pia hukuchukua mayai yote. Majike kadhaa hutaga pamoja katika kiota kimoja, wala hawagombani, jambo ambalo Muzee alipenda kuwakumbusha watu wa buro, wale wa ofisini. Basi unatoa machache ya juu, unaacha ya kutosha ili mmoja wao apate moyo wa kulalia. Na hukuenda moja kwa moja hadi kwenye kiota ukageuka. Ulipita kando yake ukaendelea mbele, ukazunguka, ukatokea upande wa pili. Njia inayoishia kwenye kiota, alisema, umemkatia nguchiro barabara.

Nilipokosea mwendo alinisimamisha. “Weye unatembea sawa mutu anaenda kukamata mwizi,” alisema. “Tembea sawa mutu anayepita tu.”

Sasa niseme jambo la nyasi, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipokuja kushikia. Watu hapa huchoma milima wakati wa kiangazi, ng'ombe wapate majani mapya. Sisi tulichoma vipande vidogo tu, mapema, majani yakiwa bado na maji kidogo ndani, moto unatambaa bila kelele. Sehemu nyingine ziliachwa na nyasi ndefu. Kanga anatagia ndani ya nyasi kuukuu za mwaka uliopita, kwenye mteremko, ili mvua kubwa ikija maji yapite yasizamishe mayai. Lakini kifaranga akitoka yaini hawezi kuishi humo. Umande na mvua vinamlowesha hadi ngozi, anatetemeka, na kabla ya jua kupanda amekwisha. Anahitaji mahali pa wazi hapo hapo karibu, penye majani mafupi na mchwa, akimbilie ajikaushe. Muzee alisema kwa maneno machache: nyasi za kulalia, nyasi za kukaukia, na mwendo wa kifaranga kati yake. Ukikosa moja, nyingine haina maana. Nilishuhudia mwaka mmoja wa mvua za baridi, wakati vipande havikuchomwa kwa uvivu wa buro, na tukaokota vifaranga vilivyolowa mlima mzima. Muzee hakula siku ile.

Mtu wa tatu katika habari hii ni Mama Kahindo. Familia yake ilikuwa ya wafanyabiashara waliohamia Bunia kutoka Butembo, na wao walimwona amepotea, maana aliacha duka la mume wake akaja kukaa na kuvezi. Alikuwa na mdomo. Aliposikia kutoka kwa Muzee kwamba dume la kanga halilalii mayai bali linasimama pembeni likipiga kelele, alisema dume hilo amelijua, ameolewa nalo. Muzee akamjibu kwamba angoje vifaranga vitoke. Na kweli, vikitoka, dume ndilo linalovitembeza na kuvifunika siku za kwanza, mama akila kurudisha mwili. Kahindo alikubali kwamba hapo anashindwa kulinganisha.

Kisha vita. Sitawaeleza nani alianza, kuna watu wengi wanaoishi kwa kueleza hilo. Mji ulibadilisha mabwana mara nyingi, na kila bwana mpya alitukuta sisi ni wale wale. Shefu wetu, mkubwa wa stasion, alikimbia na funguo za gari. Gari lilibaki, hadi waporaji walipolisukuma kwa mikono, wakifurahi kama arusi. Petroli ikaisha na kuvezi ikapoa. Watu walituambia tuache, kwamba huu si wakati wa ndege. Nilikasirika wakati ule na bado ninakasirika. Ni wakati gani basi? Waliokuwa wakiuana walikula asubuhi na jioni, na hakuna aliyewaambia waache kula kwa kuwa ni vita.

Kahindo alikusanya kuku wa majirani, wale wanaotaka kulalia hata jiwe, akawawekea mayai ya kanga chini ya tumbo. Nyumba ya kuvezi ikajaa kuku wenye hasira. Mimi na Muzee tulipanda mlimani kila siku iliyowezekana. Kwenye bariere, vile vizuizi vya barabarani, waliniuliza kabila, nikajibu mimi ni wa stasion. Wakauliza tena, nikajibu tena. Mara moja walinikalisha juani hadi mchana kwa jibu hilo. Nilikaa.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, mvua za kwanza zilikuja vizuri, kanga wakataga, wakaanza kulalia, kisha jua likarudi likakausha kila kitu. Askari wa kundi lililoshika mji wakati ule walipanda mlimani wakabeba mayai ya viota vya chini, yote, wakayachemsha. Yalikuwa yamelaliwa siku nyingi. Walipoyapasua walikuta miguu na midomo. Mmoja wao alikuja kwetu akilalamika kwamba mayai yetu ni mabovu, na Kahindo akamwambia kwa upole kwamba akitaka amwandikie barua kanga. Nilicheka, kisha nikapanda kuangalia viota vile na sikucheka tena.

Siku chache baadaye alikuja komanda wao mwenyewe, kijana aliyevaa miwani ya jua, na watu wake nyuma. Alisimama uani akaonyesha mlima kwa fimbo. Alisema adui anaweza kujificha katika majani marefu kama yale, kwa hiyo yachomwe, na tuyachome sisi, kwa sababu ni sisi tunaojua moto.

Muzee Dheda alikuwa ameketi kwenye ndoo, akisafisha vyombo vya maji. Hakusimama.

“Mimi sichome,” alisema. “Mama iko analalia.”

“Mama gani?”

“Kanga.”

Askari walicheka. Komanda hakucheka. Niliingilia, nikamwambia kwamba kama anahofia barabara tutakata majani yote ya pembeni kwa panga, mbali kadiri anavyotaka, kuanzia leo. Kule juu hakuna adui, kuna mayai tu. Alinisikiliza, nadhani hata alifikiri. Kisha akasema vita haviongozwi na ndege.

“Mayai haipigane vita,” alimwambia Muzee.

“Ndiyo maana tunaisemea,” Muzee akajibu.

Alipigwa hapo hapo, kwa kitako cha bunduki, mbele ya ndoo zake. Nilimwinua. Damu ilitoka juu ya jicho. Walimwuliza kabila lake na yeye, mtu ambaye alikuwa na majibu mengi kuliko sisi wote, alifunga mdomo. Komanda akasema watauchoma wao, na huyu muzee asionekane tena mjini kuanzia jua likitua, maana mtu anayeficha majani anaficha na kitu kingine. Wakashuka kuelekea barabarani kutafuta mwanzo wa moto.

Hatukufanya mkutano. Muzee alifuta jicho kwa mkono wa koti akaanza kupanda. Nikamfuata. Kahindo alikuwa ameshashika tawi bichi. Nilimwambia ana watoto, arudi. Alisema ameshakimbia vya kutosha katika maisha yake na leo miguu imekataa. Tulikwenda hadi mteremko wa viota, tukajigawa, kila mmoja mahali ambapo kutoka barabarani angeonekana vizuri, na mimi nilifungua kitambaa changu cha kichwa, kilichokuwa cheupe, nikakishika juu. Nilitaka wajue kuna watu. Nilitaka wachome wakijua.

Walijua, na wakachoma.

Niseme wazi niliogopa. Moto wa nyasi kavu unapopanda mlima unakimbia kuliko mtu. Chini yetu viota viliungua, na nilimwona kanga mmoja akikaa hadi mwisho kabisa ndipo akaruka, na nikalia kwa hasira huku nikitembea. Lakini katikati ya mlima kulikuwa na vile vipande tulivyochoma mapema, vya kukaushia vifaranga. Moto ulipofika hapo ulikosa chakula, ukagawanyika, ukatafuta mapito kati ya kipande na kipande. Kazi yetu ikawa kwenye mapito hayo. Tulipiga kwa matawi mabichi, nyusi zikaungua, viatu vya Kahindo vikayeyuka. Muzee alipiga kwa koti lake. Jua lilipoanza kuinama nusu ya chini ilikuwa nyeusi na nusu ya juu ilikuwa imesimama, ndefu, na viota vyake ndani.

Askari walituangalia kutoka barabarani. Nilingoja wapande kumalizia. Hawakupanda. Labda walitosheka, labda waliona aibu. Sikuwahi kuwauliza na sitawapa sifa ambayo sina hakika nayo.

Muzee alipaswa kuondoka. Tulimfungia ndizi na dawa ya jicho. Koti lilikuwa limebaki kola na mfuko mmoja, lakini alilikunja akalitia kwapani. Nilimwambia nitakwenda naye hadi ng'ambo ya mji, kisha nitakimbilia kwa dada yangu, kwa kuwa sasa watakuja kututafuta sote. Alikataa kwa kichwa.

“Siye tuko na miguu, tunaweza kukimbia,” alisema. “Yai haina miguu. Weye ubaki nayo.”

Alishika njia ya vilima, kuelekea kaskazini. Nilibaki.

Sikubaki kwa ushujaa, mnielewe. Nilibaki kwa sababu nilikuwa na ghadhabu, na ghadhabu ni kuni nzuri, inawaka siku nyingi. Kila asubuhi nilipita mlimani, nikitembea kama mtu anayepita tu. Mvua zilirudi, za kawaida, zisizo za baridi. Na asubuhi moja niliona dume limesimama kwenye majivu, mahali ambapo chipukizi zilikuwa zimeanza kutoka, na miguuni pake kitu kikisogea, vifaranga vya rangi ya udongo, vyenye mistari, vikidonoa mchwa, vikikauka. Nikaona kundi lingine juu zaidi. Wale waliotaka kuua mlima walikuwa wameongeza nyasi za kukaukia. Nilikaa chini kwenye majivu na kitenge changu cha pekee nikacheka peke yangu. Nilimtaka Muzee awepo aone.

Miezi ikapita. Mji ulipata bwana mwingine, komanda yule akaenda walikokwenda wa kabla yake. Ndipo akaja stasion mchimbaji wa dhahabu aliyeitwa Saidi, mtu asiye na kwao maalumu, mama wa huku, baba wa kule, mguu mmoja kwenye machimbo ya Kilo na mwingine popote dhahabu iliposemekana. Alikuwa ameshuka mjini kuuza dhahabu na kununua sabuni. Alisema Muzee Dheda yuko kule Kilo, anakohoa vibaya, jicho moja limekufa. Nyumba ya Muzee huku mjini ilikuwa imebebwa hadi mabati, nami nilijiandaa namna ya kumpelekea habari hiyo. Lakini hakuwa ameuliza nyumba.

“Amenituma neno moja,” alisema Saidi. “Iliangua?”

Ningeweza kumjibu ndiyo, Saidi akabeba ndiyo hiyo hadi Kilo. Kahindo ndiye aliyesema kwamba neno ni kitu ambacho mtu anaweza kumpa mgonjwa kwa huruma tu, na Muzee ataliona hivyo, kwa kuwa si mjinga. Tukaingia bandani. Katika wale waliototolewa na kuku kutoka mayai ya mlima ule ule, tulichagua majike na madume ya kutosha kuanza ukoo, tukawatia katika vikapu viwili.

Shida ilikuwa bariere. Njia nzima ya Kilo ilikuwa na kamba, na kila kamba ilikuwa na watu wenye njaa. Hapo elimu ya shule ya mifugo ilinisaidia. Nilichukua ile dawa ya zambarau ya vidonda, nikawapaka kanga vichwa, kope na miguu, nikawabandika na majivu kidogo yenye unga, hadi wakawa na sura ya kitu kilichofukuliwa. Nikamfundisha Saidi aseme ni ndege wagonjwa wanaopelekwa kuchunguzwa, na kwamba ugonjwa huo unaanzia mikononi kisha unashuka mahali ambapo mwanamume hapendi uguse. Alirudia maneno hayo mara kadhaa bila kucheka, nikaona atafika.

Aliondoka. Kisha barabara ikafungwa kabisa, na sikumwona Saidi tena maishani.

Vita vilipopungua nguvu, gari la kwanza nililopata la kwenda Kilo nilipanda. Niliuliza Muzee Dheda. Walinionyesha kaburi, lenye mawe yaliyopangwa vizuri, juu ya mashimo ya dhahabu. Nilikuwa nimejua, lakini kujua hakusaidii. Nilisimama pale nikamwambia moja kwa moja yale ambayo Saidi labda alimwambia na labda hakumwambia. Nilimwambia pia kwamba nimemkasirikia kwa kutoningoja.

Nilipomaliza nikasikia kanga.

Kilo hakukuwa na kanga. Kila mtu wa kazi yetu alijua hivyo; wachimbaji walikuwa wamewala tangu enzi za Wabelgiji. Nilitazama mteremko wa nyuma ya mashimo. Milima mingine yote ilikuwa imechomwa hadi udongo. Ule ulikuwa na majani marefu, na ndani yake vipande vidogo vya majani mafupi, vilivyochomwa mapema na mtu anayejua.

Mama mmoja alikuwa akiuza mihogo karibu na mashimo. Nilimwuliza kanga wale ni wa nani, na kwa nini wachimbaji, ambao huwa wanakula hata panya, hawawali.

“Ni ya Muzee,” alisema. “Alikataza kuikula mpaka itakuwa mingi. Na hii majani alikataza kuichoma yote. Alishakufa, lakini siye tunaendelea kumuogopa.”

Nilimwambia wasiache.